Cersei ni malkia yupi? Jibu kwa msomaji aliyewekeana dau na binamu yake

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi na binamu yangu tumeangalia Game of Thrones mara mbili, na sasa tunasoma vitabu vyake kwa kupokezana. Yeye anashikilia kwamba Cersei ni Margaret wa Anjou mtupu. Mimi nasema ni Elizabeth Woodville. Tumewekeana dau la kuku mzima wa kuchoma. Halafu, Ned Stark ni nani katika historia? Nimemtafuta kwa wafalme na mabwana wote wa Uingereza, simpati. Au hii kazi ya kulinganisha ni kupotezeana muda tu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuku asichinjwe kwanza.

Kwa asiyemaliza tamthilia, aishie hapa, maana nitataja vifo bila huruma.

Nyote wawili mmepata nusu, na nusu iliyobaki haiko kwa yeyote kati yenu. Ila kosa lenyewe liko kwenye swali. Mnauliza "huyu ni nani?" kana kwamba mwandishi alimchukua malkia mmoja wa kale, akambadilisha jina, akamvisha gauni jipya na kumleta jukwaani. George R. R. Martin hajawahi kuficha kwamba Vita vya Waridi vya Uingereza, vile vya 1455 hadi 1487, vilikuwa mbele ya macho yake alipoandika kitabu cha kwanza kilichotoka 1996. Hata sikio peke yake linatosha: koo za Lancaster na York zilizogombea taji kule, Lannister na Stark huku. Lakini alichokopa sana si watu. Alikopa mitego.

Mtego ni nini? Ni pale mtu anapobanwa na kuzaliwa kwake, ndoa yake na kifo cha mtu mwingine, hata kila mlango anaoutazama una mwenye upanga nyuma yake. Mitego ya namna hiyo historia ya Ulaya imejaa, kwa sababu ufalme ulikuwa mali ya ukoo, na mali ya ukoo hurithiwa kitandani na makaburini. Mwandishi huuchukua mtego, akamtoa aliyekuwamo, akamweka mtu wa tabia nyingine, kisha akakaa pembeni aone itakuwaje. Wazee walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Jahazi moja, mbao za miti mingi.

Ngoja nikuonyeshe kwa mtu ambaye hamkumtaja kabisa: Edward IV, mfalme wa ukoo wa York.

Desemba 30, 1460 baba yake, Richard wa York, aliuawa vitani Wakefield. Kichwa chake kilitundikwa juu ya lango la mji wa York kikiwa kimevishwa taji la karatasi, dhihaka kwa mtu aliyedai kiti cha enzi. Miezi mitatu baadaye, Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi 1461, mwanawe alipigana Towton theluji ikianguka, upepo ukiipeleka mbali mishale ya watu wake na kuirudisha nyuma ile ya maadui. Alishinda. Alikuwa na miaka 18. Jeneza lake lilipofunguliwa mwaka 1789, mifupa ilipimwa ikakutwa na urefu wa futi sita na inchi tatu na ushee, karibu mita 1.92. Kijana mrefu, mzuri wa sura, anayelipiza kisasi cha baba na hashindwi vitani. Umeshamwona: Robb Stark, mwana wa Ned.

Sasa mtego. Mtu aliyemsaidia zaidi kupata taji alikuwa Richard Neville, bwana wa Warwick, ambaye historia imempa jina la Mtengeneza Wafalme. Warwick alikuwa mshenga. Alikuwa akimtafutia mfalme mke Ufaransa, Bona wa Savoy, shemeji wa Mfalme Louis XI, na ndoa hiyo ingeleta amani kati ya nchi mbili. Septemba 1464 baraza likakutana Reading, mfalme akabanwa aseme neno kuhusu posa. Ndipo akatamka kwamba ana mke tayari. Amemwoa kwa siri Elizabeth Woodville, mjane mwenye watoto wawili, ambaye mumewe wa kwanza alikufa akipigana upande wa Lancaster. Ndoa ilifungwa Mei, kama ilivyosimuliwa baadaye ni tarehe mosi. Hebu mfikirie huyo mshenga. Miezi minne unakwenda ukweni, unaongea mahari na mipaka, umeweka heshima yako mezani, kumbe bwana harusi ameshaoa na hajakwambia. Kwetu huku mtu angehama mtaa.

Robb anaingia mtego huohuo: ameahidi kuoa katika ukoo wa Frey ili avuke daraja, akaoa mwingine kwa mapenzi. Martin anamfanya alipe kwa damu kwenye karamu ya harusi. Edward halisi alilipa pia, lakini kwa deni la muda mrefu. Warwick aliasi 1469, na Oktoba 1470 mfalme akakimbia kwa meli kwenda ng'ambo akiwa hana hata senti, hadi akamlipa nahodha kwa joho lake lililotiwa manyoya. Machi iliyofuata alirudi. Warwick akauawa Barnet tarehe 14 Aprili 1471, siku ya Pasaka.

Kisha akafanya jambo ambalo Robb hakupata nafasi ya kulifanya: alizeeka vibaya. Alinenepa, akapenda meza na wanawake, akafa tarehe 9 Aprili 1483 kabla hajatimiza miaka 41. Huyo sasa si Robb tena. Ni Robert Baratheon, mume wa Cersei, shujaa wa vita aliyegeuka tumbo. Mtu mmoja wa historia, wahusika wawili wa riwaya: ujana umekwenda kwa mmoja na utu uzima kwa mwingine. Ukiuliza "Edward IV ni nani katika Game of Thrones?" unapata majibu mawili, na yote ni sahihi.

(Kuna wanaofurahi kukumbusha kwamba Robert aliuawa na nguruwe mwitu, na kwamba nembo ya mtu aliyeivamia familia ya Edward mwaka 1483 ilikuwa nguruwe mweupe. Ni mapambo mazuri. Lakini mapambo hayo hayaelezi kwa nini mtu alifanya alichofanya, kwa hiyo mimi huyapita.)

Tumefika kwa Ned, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu jibu langu huwaudhi wanafunzi kila mwaka. Ned Stark, mtu mwadilifu kuliko wote katika hadithi ile, amekaa kwenye kiti cha Richard III, mdogo wake Edward IV. Ndiyo, huyohuyo ambaye Shakespeare alimchora kibiongo mwenye roho ya giza, anayedaiwa kuwaua wapwa wake.

Usinikatalie kabla hujaupanga mtego. Kuna bwana wa kaskazini. Ametawala kaskazini kwa niaba ya mfalme miaka mingi, watu wa huko wanamheshimu, na mji mkuu wenye fitina haupendi. Mfalme ni ndugu yake, au rafiki aliye kama ndugu. Mfalme anakufa ghafla na kuacha kijana wa miaka 12. Bwana huyu anatajwa kuwa Mlinzi wa Ufalme mpaka mtoto akue. Lakini mjini yuko malkia mjane, na ndugu za malkia wamejaa ikulu, hazina na askari viko mikononi mwao. Halafu kunazuka habari kwamba watoto wa mfalme si halali. Afanye nini? Akinyamaza, mtoto atavikwa taji upesi, ulinzi wake utakwisha siku hiyohiyo, na shingo yake itabaki chini ya huruma ya wajomba wa mtoto. Akisema, ni vita.

Hapo nimemweleza Ned au Richard? Wote wawili, neno kwa neno.

Tofauti iko kwenye hatua inayofuata. Ned anamwendea Cersei bustanini na kumwambia anachokijua, ili apate muda wa kukimbia na watoto wake. Huruma hiyo ndiyo iliyomkata kichwa. Richard alifanya kinyume kabisa. Usiku wa tarehe 29 Aprili 1483, pale Northampton, alikaa mezani na Anthony Woodville, bwana wa Rivers, kaka wa malkia na mlezi wa mfalme mtoto. Walikula, wakanywa, wakacheka. Kulipokucha Rivers alikamatwa, na siku hiyohiyo mtoto Edward V akatwaliwa kutoka kwa walinzi wake. Habari zilipofika London, malkia alikimbilia hifadhi ya kanisa ndani ya Abasia ya Westminster pamoja na watoto waliobaki naye. Tarehe 13 Juni, katikati ya kikao cha baraza katika Mnara wa London, Richard akamkamata William Hastings, rafiki mkubwa wa marehemu mfalme, akakatwa kichwa palepale. Tarehe 22 Juni mhubiri akatangaza hadharani kwamba ndoa ya Edward na Elizabeth ilikuwa batili. Tarehe 6 Julai Richard akavikwa taji. Wale wavulana wawili, mfalme na mdogo wake, walionekana wakicheza na kurusha mishale kwenye bustani ya Mnara, kisha wakawa wanaonekana madirishani mara chache, kisha hawakuonekana tena.

Kwa nini Richard alikuwa na haraka hivyo? Hapa ndipo kulinganisha kunapokuwa na faida, wala si kupotezeana muda. Ukimsoma Ned kwanza, ukaona mtu mwema anavyoangamia kwa kusubiri, unaelewa hofu iliyokuwa tumboni mwa Richard. Naye alikuwa na mfano wake wa kutazama. Humphrey wa Gloucester, aliyeshika cheo kilekile cha Gloucester kabla yake, alikuwa pia baba mdogo wa mfalme mtoto, na pia Mlinzi wa Ufalme. Mwaka 1447 aliitwa kwenye kikao cha Bunge, akakamatwa, na baada ya siku chache akafia kifungoni. Kuelewa hofu si kusamehe. Lakini mwalimu wa historia anayekuambia Richard alikuwa mbaya tu kwa sababu alizaliwa mbaya, huyo amekusimulia hadithi ya zimwi.

Kuna wengi wanaompeleka Richard kwa Tyrion, mdogo wake Cersei aliye mbilikimo, badala yake: mwili uliochekwa, tuhuma ya kumuua mpwa mfalme, ulimi mkali wa jukwaani. Sawa. Mifupa ya Richard ilipofukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, ilikutwa na uti wa mgongo uliopinda ubavuni, si kibiongo cha maigizo. Basi na Tyrion achukue ubao wake mmoja kutoka mti huo.

Haya, Cersei na kuku wenu.

Binamu yako ana hoja. Agosti 1453 Henry VI, mfalme wa ukoo wa Lancaster na mume wa Margaret wa Anjou, alipatwa na ugonjwa wa ajabu wa akili. Hakusema, hakujibu, alilishwa na kugeuzwa kama mtoto mchanga. Oktoba 13 Margaret akajifungua mtoto wa kiume. Wakampeleka Windsor. Bwana wa Buckingham akampakata kichanga na kumwomba mfalme ambariki, kimya. Malkia mwenyewe akaingia, akamchukua mtoto mikononi, akaomba vilevile. Mfalme aliinua macho mara moja, akamtazama mtoto, akayainamisha tena. Wakaondoka. Alipozinduka karibu na Krismasi ya 1454, aliuliza mtoto anaitwa nani. Alipoambiwa Edward, akainua mikono na kumshukuru Mungu. Maadui wa Margaret hawakuhitaji zaidi ya hapo. Baba asiyemtambua mtoto wake! Uvumi ukatembea kwamba mtoto ni wa nje. Na mtoto huyo, alipofika miaka 13, balozi wa Milano aliandika kwamba hazungumzi kitu ila kukata vichwa na kupigana vita. Joffrey, mwana wa Cersei, bila shaka. Alikufa Tewkesbury tarehe 4 Mei 1471, akiwa na miaka 17.

Lakini Margaret alikusanya majeshi miaka na miaka kwa ajili ya mume wake. Alimtetea mgonjwa, mnyonge, aliyefungwa. Cersei anataka mumewe afe, na mvinyo wa uwindaji aliutayarisha yeye. Hapo binamu ameanguka.

Wewe na Elizabeth wako mmeshika kipande kingine: malkia aliyezungukwa na ndugu, watoto wanaoitwa wanaharamu, mgongano na Mlinzi wa Ufalme, mji ulioigawanya familia yake na mabwana wa kale. Ila Elizabeth alitoka katika ukoo wa kawaida, jamaa zake walipanda kwa ndoa, moja baada ya nyingine, na ndiyo sababu walichukiwa. Lannister ni matajiri tangu babu wa babu, hawapandi, wanashuka. Wala hata adui zake wa 1483, waliosema kila walichoweza, hawakumzulia Elizabeth kaka wa kulala naye, kama alivyo naye Cersei. Nawe umeanguka.

Aliyewapita nyote ni Isabella wa Ufaransa, aliyezaliwa 1295 na kuolewa na Edward II wa Uingereza. Baba yake, Philip IV, alikuwa mfalme wa sura nzuri na moyo wa jiwe, aliyewapeleka Mashujaa wa Hekalu, wale watawa wapiganaji, kwenye moto. Tywin, baba wa Cersei, angempisha kiti. Isabella alivumilia ndoa iliyojaa vipenzi vya mumewe, kisha akaenda Ufaransa kwa ujumbe, akakataa kurudi, akajipatia mpenzi Roger Mortimer aliyetoroka Mnara wa London. Septemba 1326 walitua Uingereza na jeshi dogo. Januari 1327 mumewe akavuliwa taji, kijana wake wa miaka 14 akawekwa, naye Isabella na Mortimer wakatawala kwa jina la mtoto. Huo ndio mtego wa Cersei: mke aliyemwondoa mfalme na sasa lazima ashike ufalme kupitia mwanawe. Ulivunjika usiku wa Oktoba 1330, Edward III alipoingia ngome ya Nottingham kupitia njia ya chini ya ardhi na wenzake wachache, wakamkamata Mortimer karibu na chumba cha mama. Martin amezisifu hadharani riwaya za Mfaransa Maurice Druon kuhusu familia hiyohiyo ya Philip IV, kwa hiyo hapa sibahatishi.

Na ile safari ya aibu mitaani? Hiyo si ya malkia yeyote kati ya hawa. Mwaka 1441 Eleanor Cobham, mke wa yule Humphrey niliyemtaja, alihukumiwa kwa uchawi na kutembezwa London siku tatu tofauti akiwa ameshika mshumaa. Mwaka 1483 ilikuwa zamu ya Jane Shore, hawara wa marehemu Edward IV: Jumapili, nguo ya ndani tu, mshumaa mkononi. Inasimuliwa kwamba watu walimwonea huruma zaidi ya kumzomea. Riwaya imeondoa hata hiyo nguo ya ndani, na huruma pia.

Sasa nikwambie mahali ambapo ulinganisho wowote unakatika, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko kwingine kote. Katika hadithi, wewe msomaji unajua. Uliona mnarani nani alikuwa na nani. Watoto wa Cersei si wa Robert, kwisha. Ned anapoandika, unajua anaandika kweli. Mwaka 1483 hakuna aliyekuwa na macho hayo. Iliyodaiwa ni kwamba Edward IV, kabla ya Elizabeth, aliahidi kumwoa bibi mwingine, Eleanor Butler, na kwa sheria ya kanisa ahadi hiyo ilikuwa ndoa tosha. Eleanor mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1468. Edward alikuwa amekufa. Aliyebaki ni Richard, mwenye muhuri.

Mwaka 1484 Bunge la Richard likaliweka dai hilo kwenye sheria: watoto ni wanaharamu. Mwaka uliofuata Richard akauawa Bosworth, tarehe 22 Agosti, na Henry Tudor akashika nchi. Henry alikuwa ameahidi kumwoa Elizabeth wa York, dada mkubwa wa wale wavulana. Tazama mtego huu ulivyo mtamu. Akiiacha sheria ya Richard, mke wake ni mwanaharamu na ndoa haimpi kitu. Akiifuta, mke anakuwa halali, lakini kaka zake pia wanakuwa halali, na kama mmoja yu hai basi yeye ndiye mfalme, si Henry. Alichofanya ni kuagiza sheria ifutwe bila kusomwa Bungeni, na kila mwenye nakala aiteketeze, la sivyo kifungo. Wakafunga ndoa Januari 18, 1486. Sijui mwandishi yeyote wa majoka aliyebuni ujanja wa namna hiyo: kuua maneno kwa kukataza yasisomwe. Nakala moja ilinusurika, ndiyo maana leo tunaijua.

Huyo Henry ndiye watu humpa Daenerys Targaryen, malkia wa majoka. Miaka 14 uhamishoni Brittany na Ufaransa, dai hafifu la taji, bendera yenye joka jekundu, kuvuka bahari na kutua nyumbani kwa mababu. Mfanano ni mzuri mpaka siku ya ushindi. Daenerys anachoma mji. Henry alikaa chini akakagua hesabu, kurasa kwa kurasa, akitia sahihi yake kwenye daftari za mapato, na mabwana wakorofi akawafunga kwa madeni badala ya minyororo. Joka lake lilikuwa daftari, na lilitisha.

Kuhusu Targaryen kuoana kaka na dada, Ulaya ya Kikristo haikufika huko waziwazi, ila ukoo wa Habsburg ulikaribia kwa kuzunguka. Charles II wa Hispania, aliyezaliwa 1661, alikuwa mtoto wa mjomba na mpwa wake, na ndoa za namna hiyo zilikuwa zimerudiwa vizazi kadhaa. Watafiti waliopiga hesabu ya nasaba yake mwaka 2009 walikuta mchanganyiko wa damu yake unalingana na wa mtoto wa ndugu wawili wa tumbo moja. Alikuwa mgonjwa maisha yake yote, alioa mara mbili bila kupata mtoto, na alipokufa mwaka 1700 Ulaya iliingia vitani kugombea urithi wake hadi 1714.

Kwa kuwa najua swali lako linalofuata litahusu tamthilia ya House of the Dragon, acha nilijibu kabisa. Rhaenyra, binti mrithi wa taji humo, anatoka kwa Matilda, binti wa Henry I wa Uingereza. Kaka yake pekee wa ndoa alizama na Meli Nyeupe usiku wa tarehe 25 Novemba 1120. Baba akawaapisha makabaila wote kwamba watamkubali binti. Alipokufa tarehe 1 Desemba 1135, Matilda alikuwa ng'ambo ya bahari. Binamu yake Stephen, aliyekuwa miongoni mwa waliokula kiapo, alivuka upesi, akafika London, na tarehe 22 Desemba tayari ana taji kichwani. Wiki tatu tu. Hapo mwandishi hakubadili karibu kitu: kiapo cha mabwana, binti aliye mbali, mwanamume aliye karibu na hazina. Kilichobadilika ni mwisho. Desemba 1142 Matilda alizingirwa ndani ya ngome ya Oxford, chakula kimekwisha. Usiku akatoka na watu wachache, wamejitanda nguo nyeupe, wakapita juu ya theluji katikati ya walinzi wa adui bila kuonekana, wakavuka mto ulioganda kwa miguu. Hakuna joka lililomla. Hakupata taji, ila mwanawe Henry II alivikwa mwaka 1154, naye mama akafa kitandani 1167. Kama ningekuwa mwandishi wa tamthilia, hilo tukio la theluji nisingeliacha kwa bei yoyote.

Harusi Nyekundu, ile karamu alikouawa Robb, naipita haraka, maana imeandikwa sana: ni karamu ya Edinburgh ya 1440, ambapo kijana bwana wa Douglas na mdogo wake walialikwa mezani kwa mfalme wa Uskoti wa miaka 10 kisha wakakatwa vichwa, ikachanganywa na mauaji ya Glencoe ya Februari 1692. Angalia tu kitu kimoja. Glencoe, waliouawa ni wenyeji; wauaji walikuwa wageni, askari waliolishwa na kulazwa karibu wiki mbili. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale walipewa kila kitu ila jembe.

Sasa dau. Mapaja mgawane, moja la Margaret kwa binamu, moja la Elizabeth kwako, na kidari mle pamoja kwa kuwa hakuna aliyeshinda. Firigisi, ambayo kwa desturi ni ya mkubwa wa nyumba, ni haki ya Isabella. Lakini kwa kuwa amefariki tangu 1358, nitumieni mimi nimpokelee.